Kabla ya Merikani: Mfumo wa Ufipa

Tunaposhika sindano kufuma sweta la mtoto, tuwakumbuke Wafipa. Kwenye nyanda za juu za baridi kule Sumbawanga, katika karne ya 19, walisokota pamba yao wenyewe na kufuma nguo nzito kwa mkono, kazi ya siku nyingi. Kisha misafara ikawafikishia merikani, nguo ya Marekani iliyoshushwa hapa hapa kwetu Unguja. Ilikuwa tayari, haina kusubiri. Taratibu ufumaji wao ukafifia. Bandari yetu ilipata faida, wao wakapoteza ujuzi.

Basi bi harusi, bibi akikutunza kitambaa alichokifuma mwenyewe, usikilinganishe na cha dukani. Mwombe akufundishe angali hai, inshaAllah.