Kujidanganya (katika udhanaishi)

Kujidanganya ni dhana iliyofafanuliwa na mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre (1905–1980) katika kitabu chake L'Être et le néant, kilichotoka mwaka 1943 Paris ikiwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani. Ni hali ya mtu kujificha uhuru wake mwenyewe ili asiwajibike kwa aliyoyachagua.

Dhana hii inatokana na msingi wa udhanaishi: kwa Sartre, mwanadamu huwapo kwanza, kisha hujiunda kwa matendo. Maumbile, malezi au amri ya mkubwa havimwamulii. Hata anayekaa bila kuchagua, amechagua.

Mfano wake mashuhuri ni mhudumu wa mkahawani. Hatua zake ni za haraka mno, anamwinamia mteja kwa shauku iliyopita kiasi, na sinia analibeba kwa madaha ya mcheza sarakasi. Anaigiza uhudumu, kana kwamba alizaliwa mhudumu na hawezi kuwa kingine. Lakini kila alfajiri ni yeye anayeamua kuamka aende kazini, au abaki kitandani afukuzwe.

Fumbo liko hapa: mwongo wa kawaida anaujua ukweli na kumficha mwingine, ilhali anayejidanganya ndiye mwongo na ndiye anayedanganywa. Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, angesema ukweli umezuiliwa katika sehemu ya nafsi isiyojitambua. Sartre alikataa, na hoja yake ina nguvu: kinachozuia lazima kikijue kile kinachozuiwa.

Katika mhadhara wa Oktoba 1945 mjini Paris, Sartre alimtaja mwanafunzi wake aliyetaka kwenda Uingereza kujiunga na wapiganaji Wafaransa, kwa kuwa kaka yake aliuawa na Wajerumani mwaka 1940. Mama yake alibaki na yeye tu. Sartre alikataa kumwamulia, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa wake mwenyewe.

Mwanafalsafa mwenzake Simone de Beauvoir aliona kasoro katika uhuru uliotajwa bila kuangalia hali ya mtu. Katika Pour une morale de l'ambiguïté (1947) alieleza kwamba mtumwa aliyefichwa hata wazo la ukombozi hawezi kulaumiwa sawa na mtu aliyeiona njia akaikwepa. Bila sahihisho hilo, nadharia ya Sartre ingewatwika wanyonge hatia ya wanaowaonea.

Katika Kiswahili, udhanaishi unahusishwa zaidi na mwandishi Euphrase Kezilahabi wa Tanzania. Kazimoto, msomi katika riwaya yake Kichwamaji (1974), anashindwa kuona maana ya maisha na kujiua.