Kuta Zilizozikwa: Michoro ya Sinagogi la Dura-Europos



Tuliposoma habari za Semei Kakungulu, aliyeanzisha jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya karibu na Mbale mwaka 1919, mmoja wenu hapa Karambi aliuliza: je, Wayahudi wa kale waliwahi kuchora picha katika nyumba zao za ibada, ilhali Amri Kumi zinakataza sanamu? Zamani wataalamu wengi wangalimjibu kwamba hawakuthubutu. Jibu hilo liliporomoka mwaka 1932.

Mwaka huo wachimbaji wa Marekani na Ufaransa walifukua sinagogi katika magofu ya Dura-Europos, mji wa mpakani uliolindwa na askari wa Kirumi kando ya Mto Frati, nchini Syria. Maandishi ya Kiaramu katika vigae vya dari yanaonyesha kwamba lilijengwa upya mwaka 244 au 245. Kutani walijaa watu: Musa mchanga akitolewa mtoni, Waisraeli wakivuka bahari, Samweli akimtia Daudi mafuta, Mordekai juu ya farasi, na mifupa mikavu ya Ezekieli ikirudiwa na uhai. Mungu mwenyewe hakuchorwa; huonekana mkono tu, ukishuka kutoka juu. Kwa maoni yangu, waumini wale waliielewa amri hivi: ni haramu kuiabudu picha, si haramu kusimulia kwa picha.

Waliitazama michoro hiyo kwa miaka kumi hivi tu. Karibu mwaka 256, Waajemi walipotishia kuushambulia mji, watetezi walilijaza sinagogi kifusi (yaani udongo na mawe) ili kuimarisha boma lililokuwa nyuma yake. Nyumba ya ibada ya Wakristo, iliyokuwa katika mtaa huohuo wa kando ya boma, ilifukiwa vilevile. Hata hivyo mji ulitekwa, kisha ukahamwa. Kifusi kile kilichoshindwa kuuokoa mji ndicho kilichookoa rangi: ukuta wa magharibi, uliokuwa karibu zaidi na boma, ulizikwa karibu wote, nao ndio uliohifadhika vizuri kuliko mingine.

Leo michoro ya sinagogi imo katika Makumbusho ya Taifa ya Damascus. Ile ya Wakristo, majirani zao, ilipelekwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani.