PIKIPIKI KUBWA ZA ZAMANI HAPA CHUGA: YA KUJUA KABLA HUJATOA HELA, NA JINSI YA KUITUNZA



Kuna swali naulizwa sana na vijana wenzangu: "Nimeona dude la cc 750 linauzwa, la miaka ya tisini, bei inavutia, nichukue?" Nimeona bora niandike kila kitu mahali pamoja ili mtu akiuliza tena nimuelekeze hapa. Jibu fupi ni hili: bei ya kununua ni sehemu ndogo. Pikipiki ya namna hii inakumaliza au inakufurahisha kwenye mwaka wa kwanza baada ya kununua, na mambo mengi unaweza kuyajua kabla hujalipa.

Nazungumzia pikipiki za safari ndefu, siyo bodaboda wala zile za mashindano tupu. Mimi naendesha Honda Transalp ya mjomba ambayo tunaitunza pamoja, kwa hiyo mengi hapa ni ya mikono yenye grisi.

1. ZIPI UTAKUTANA NAZO

Honda Transalp XL600V: ilitoka 1987, silinda mbili, cc 583, inapozwa na maji. Tapeti zake zinarekebishwa kwa skrubu na nati: ulaji 0.15 mm, ekzosi 0.20 mm. Fundi yeyote mwenye fila geji na subira anaweza.

Yamaha TDM850: ilitoka 1991, silinda mbili, valvu tano kila silinda. Inakwenda vizuri sana kwenye lami. Ila tapeti zake ni za visahani vyenye unene maalum, lazima uagize kisahani chenye saizi halisi. Bahati nzuri zinapimwa kila kilomita 42,000 hivi.

Honda VFR750: silinda nne, valvu 16. Injini ngumu kweli kweli, lakini ukifika kwenye tapeti ni kazi ya siku nzima na visahani vile vile. Rekitifaya yake inajulikana dunia nzima kwa kuungua.

Honda ST1100 Pan European (1990) na BMW R1100RT: hizi hazina cheni, zinatumia shafti. Kwa vumbi letu hilo ni jambo jema. Ila ni nzito, ikikulalia Oldonyo Sambu peke yako utasubiri wasamaria.

Ushauri wangu kwa anayeanza: chukua ile ambayo fundi wa kawaida anaweza kurekebisha tapeti zake. Hayo mengine ni mapambo.

2. KARATASI KWANZA, INJINI BAADAYE

Arusha tupo njiani. Wazungu wanaoshuka kutoka Cairo kwenda Cape Town wanapitia Namanga, wengine wanachoka hapa hapa na wanataka kuuza. Pikipiki ya hivyo imeingia kwa kibali cha muda. Kuinunua bila kodi ya forodha kulipwa ni kununua mali ya magendo, na inaweza kukamatwa hata kama umelipa hela yako halali. Vile vile yenye namba za Kenya (zinaanza na KM). Kama muuzaji anasema "kodi utamalizana nayo mwenyewe", kaulize TRA kwanza inafika ngapi. Usikubali hesabu ya dalali.

Kwa yenye namba zetu (zinaanza na MC): soma kadi, kisha linganisha namba ya chesesi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na namba ya injini. Ikitofautiana hata tarakimu moja, ondoka. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, na jina libadilishwe TRA mapema.

Leseni: daraja A ndiyo ya pikipiki zinazozidi cc 125. Wengi wana A1 ya bodaboda wanadhani inatosha. Ukipata ajali na leseni isiyo sahihi, bima wana sababu ya kukukimbia.

3. UKAGUZI WA NUSU SAA

Fika pikipiki ikiwa BARIDI. Shika injini kwa mkono. Kama ina joto, muuzaji kaiwasha mapema kuficha kitu.

Umeme: nenda na mita ya umeme. Betri nzima, injini ikiwa imezimwa, isome 12.6 hivi. Washa, panda hadi mizunguko 4,000, isome kati ya 13.5 na 14.5. Chini ya 13 haichaji, juu ya 15 rekitifaya inapika betri.

Tairi: pembeni kuna tarakimu nne ndani ya duara refu. 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri kabisa na bado imekufa, kwa sababu mpira unakauka. Kwa mwendo wa 100 baina ya Makuyuni na Minjingu, tairi ya miaka 12 ni jeneza.

Shingo: nyanyua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu. Ukihisi inakwama katikati, beringi za shingo zimekwisha.

Shokapu za mbele: futa nguzo kwa kitambaa cheupe, bonyeza mara kumi. Kitambaa kikilowa oili, sili zimekwisha.

Rejeta: acha injini iungurume mpaka feni iwake yenyewe. Isipowaka, foleni ya Sanawari itakuchemshia injini.

4. MATUNZO YA HALI YA HAPA

VUMBI. Udongo wa kuzunguka Meru ni majivu ya volkano, laini kama unga. Ukizunguka kwa Ngarenanyuki au kukata kule Oldonyo Sambu, fungua filta ya hewa ukirudi. Usisubiri kilomita za kwenye kitabu, kile kiliandikwa kwa watu wa lami. Cheni isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, kisha paka oili nzito ya gia kidogo tu. Ukipaka nyingi unatengeneza msasa.

HEWA NYEPESI. Mji upo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Pikipiki ya kabureta iliyotoka Dar itapungua nguvu zaidi ya asilimia 10 na plagi zinaweza kuwa nyeusi. Kabla fundi hajaanza kuchokonoa kabureta, badili filta ya hewa na plagi. Mara nyingi inaishia hapo.

MAJI YA REJETA. Maji ya upande huu yana madini mengi, floraidi ikiwemo, na yanaacha ukoko ndani. Tumia kulanti, au ichanganye na maji ya betri yale yasiyo na asidi. Maji ya bomba ni ya dharura tu.

OILI. Klachi ya pikipiki hizi, ukiacha ile BMW, inaogelea kwenye oili ya injini. Oili za magari zenye dawa ya kupunguza msuguano zinafanya klachi iteleze. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2.

BREKI. Mafuta ya breki (DOT 4) yanavuta unyevu wa hewa. Badili kila miaka miwili hata kama hujatembea. Ukiteremka mlima breki zikipata moto, ule unyevu unageuka mvuke na mkono wa breki unaingia mpaka mwisho bila kushika. Hapo utajuta.

5. SPEA NA MAFUNDI

Spea za TVS na Boxer zipo kila kona. Za madude haya utaagiza, na ukiagiza taja kodi ya modeli na siyo jina tu: Transalp 600 ya mwanzo ni PD06, VFR750 ya 1990 hadi 1997 ni RC36, TDM850 ya kwanza ni 3VD na ya pili 4TX.

Lakini siyo kila kitu cha kuagiza! Beringi za magurudumu zimeandikwa namba ubavuni, mfano 6203. Namba hiyo ni ya dunia nzima, duka lolote la beringi mjini watakupa. Sili nazo zina vipimo vyake, na hosi za rejeta unaweza kukata za gari zenye upana ule ule.

Mafundi: fundi wa bodaboda ni mzuri kwa cheni, tairi na klachi. Kwa rejeta, feni na waya, fundi umeme wa magari kule Unga Limited anaweza kukusaidia zaidi, kwa sababu mfumo anaujua. Simama hapo hapo mpaka amalize, na piga picha kila kabla ya kufungua.

6. HESABU YA MWISHO

Kabla hujalipa, andika kwenye karatasi: tairi mbili, betri, pedi za breki, cheni na spoketi zake, oili na filta, mafuta ya breki, plagi, bima, kubadili jina. Uliza bei ya kila kimoja leo, jumlisha, ongeza kwenye bei ya pikipiki. Hiyo ndiyo bei halisi. Kama huwezi hiyo jumla, subiri. Usinunue halafu ukaendesha na tairi alizokuachia muuzaji ukisema "nitabadili mwisho wa mwezi". Kati ya vitu vyote nilivyoandika hapa, tairi na breki ndivyo havina kesho.

Ukiiweza hiyo jumla, basi karibu. Asubuhi ya Jumapili, lami ya kwenda Dodoma kupitia Babati na Kondoa, zaidi ya kilomita 400 bila kugusa vumbi, pikipiki ya mwaka 1990 inaunguruma kama imetoka kiwandani jana... raha yake haielezeki.

Mwenye nyongeza au anayejua duka zuri la tairi za saizi hizi hapa mjini, atupie hapo chini wengine tufaidike. Nawasilisha.