PC Imekataa Kuwaka? Cheki Hizi Waya Ndogo Kabla Utoe Doo ya Fundi

Umemaliza kuunda PC yako, kila kitu iko mahali pake, unafinya batani… kimya. Feni haizunguki, taa hakuna. Kabla useme madabodi imekufa na uanze kusaka doo ya ingine, cheki zile waya nyembamba zinatoka mbele ya kesi. Mara mingi noma huwa hapo tu.

Waya ni gani?
Ziko nne na zimeandikwa majina. POWER SW ni ya kuwasha, RESET SW ni ya kuanzisha mashine upya, POWER LED ni taa ya kuonyesha imewaka, HDD LED ni taa ya diski.

Zinaingia wapi?
Chomoa stima kwanza. Angalia chini ya bodi, kona ya kulia. Utaona pini 9 kwa safu mbili, na pengo moja kwa kona. Kando imeandikwa F_PANEL, JFP1 ama PANEL1.

Kwa bodi mingi za siku hizi, anza kuhesabu mbali na pengo:
- Safu yenye pengo: POWER LED, kisha POWER SW.
- Safu ingine: HDD LED, kisha RESET SW. Pini ya mwisho, achana nayo.

Lakini mashine za ofisi za Dell, HP na Lenovo mara mingi huwa na mpangilio wao, so soma kitabu ya bodi.

Ukigeuza je?
Swichi hazina shida, weka vile unataka. Taa ndio zina chanya na hasi. Ukikosea, taa haitawaka tu. Geuza na itakuwa fiti.

Jua ukweli na bisibisi
Toa waya ya POWER SW, rudisha stima, kisha gusanisha zile pini zake mbili na ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Usiguse pini zingine, unaweza choma bodi.

Ikiwaka, bodi iko poa. Batani ama waya ndio mbovu. Chomeka RESET SW hapo kwa pini za POWER SW na utumie batani ya reset kuwasha. Hiyo ni bure.

Ikikataa, cheki swichi ya nyuma ya pawasaplai na ile waya kubwa ya pini 24. Zikiwa sawa na bado kimya, sasa unaweza ongea na fundi, na umwambie ushapima nini.