Mahali Meli Inapokomea: Historia ya Matadi na Wachukuzi Wake



Katika toleo hili la kuwakumbuka wenzetu wa Mudende, Kamati imeona vema kuweka ukurasa mmoja wa historia ya nchi tuliyotoka. Vijana wetu wengi wamezaliwa kambini. Kivu wanaijua kwa masimulizi ya wazee, lakini upande wa magharibi, Kongo inapogusa bahari, wengi hawajausikia.

Mto Kongo ni wa pili duniani kwa wingi wa maji, baada ya Amazon. Lakini pwani ya nchi ni finyu, karibu kilomita 40 tu. Kwa hiyo meli za bahari huingia mtoni. Mdomoni kuna Banana, halafu Boma, na mwisho Matadi, karibu kilomita 150 kutoka baharini.

Njia hiyo si rahisi. Chini ya Boma mafungu ya mchanga huhamahama, na njia ya jana yaweza kuwa imeziba leo. Ndiyo maana meli huongozwa na marubani wanaoujua mto, na vyombo vya kuchimba mchanga vinahitajika. Karibu na Matadi mto hupinda ghafla kati ya milima ya mawe, maji yakizunguka kwa nguvu. Wazungu walipaita Chungu cha Jehanamu. Juu ya Matadi hakuna meli inayopita. Ni maporomoko matupu, karibu kilomita 350, mpaka Kinshasa. Jina lenyewe Matadi, kwa Kikongo, maana yake ni mawe.

Basi meli ilipokomea, kichwa cha mtu kilipokea mzigo. Mwaka 1879 Stanley alifika mdomoni mwa mto akiwa na watu karibu 70 walioandikwa kazi Zanzibar. Hao, pamoja na wenyeji, walivunja mawe na kukata njia ya karibu kilomita 80 kutoka Vivi, ng'ambo ya Matadi, mpaka Isangila, wakiburuta mashua za moshi juu ya magari. Wenyeji walimwita Stanley Bula Matari, mvunja mawe. Jina alipewa yeye. Nyundo walishika wengine.

Februari 1887 meli Madura iling'oa nanga Zanzibar ikiwa na wachukuzi zaidi ya 600, na Tippu Tip akiwa ndani, akienda kuwa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Walizunguka kusini mwa Afrika yote, wakafika Banana mwezi Machi, kisha wakapanda kwa miguu kutoka Matadi. Kwa hiyo Kiswahili tunachoandikia hapa kilisikika Matadi kabla ya reli. Wengi wa wachukuzi hao hawakurudi kwao.

Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu kilo 30. Hata meli za juu ya mto zilibebwa hivyo. Meli ya wamisionari iliyoitwa Peace ilivunjwa ikawa mizigo kama 800, ikapandishwa kichwani, ikaungwa upya na kuingia majini mwaka 1884.

Reli ilijengwa kuanzia 1890 hadi 1898. Wafanyakazi walitoka Kongo, Senegal, Sierra Leone, Barbados na hata China. Hesabu rasmi ilitaja waliokufa kuwa Wazungu 132 na watu weusi 1,800. Tuitazame vizuri hesabu hiyo ya pili: namba iliyokamilika mia kwa mia, kama magunia. Mtu akihesabiwa hivyo, jina lake limekwisha kupotea.

Lakini karatasi yaweza pia kusema kweli. Mwishoni mwa karne ile, Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli, alisoma madaftari ya shehena kule Antwerp. Aliona meli zinaleta mpira na pembe kutoka Kongo, na zinarudi na bunduki na risasi, biashara halali ikiwa kidogo mno. Akatambua kuwa watu hawalipwi, wanalazimishwa. Kutokana na madaftari hayo alianza kampeni iliyosaidia kumnyang'anya mfalme Leopold nchi hiyo mwaka 1908.

Makuli wa Matadi nao walisema. Novemba 1945 waligoma kudai mishahara, na serikali ya kikoloni ikawazima kwa silaha. Mwaka 1983 daraja kubwa, lenye urefu wa mita 722, lilifunguliwa juu ya mto, na mwaka 2022 ujenzi wa bandari ya kina kirefu ulianza Banana.

Ndugu, kambi yetu ya Mudende ilishambuliwa mara mbili mwaka 1997, mwezi wa Agosti na mwezi wa Desemba. Walionusurika tulihamishiwa Gihembe, na Gihembe nayo ikafungwa mwaka 2021. Kila tulipohama, karatasi zilipotea na wazee walipungua. Tusikubali watu wetu wabaki namba, kama wale wa reli. Kila familia ilete kwa Kamati jina kamili la marehemu wake, jina la baba na mama, na kijiji alikotoka. Hata mtoto mchanga ambaye hakuwahi kuandikishwa, aandikwe.

Kamati