Mwanzo tuliuita kuvunja ungo, mwisho wake tutauitaje?

Juzi nilitembelewa na mwalimu mstaafu niliyefunza naye kwa miaka mingi, yeye Hisabati, mimi Kiswahili. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ila yeye alikuwa akijipepea kwa gazeti. Nilipomtazama alicheka. "Usijali, Mwalimu. Hii moto ni yangu pekee. Ilianza nikiwa na miaka 50, sasa nina 63."

Mara ya kwanza alipokwenda kliniki alitibiwa malaria. Mara ya pili alipimwa presha. Mara ya tatu aliambiwa apunguze mawazo. "Hakuna aliyeniambia jina lake," alisema. "Sasa binti yangu ananiambia kuna dawa ya homoni. Wewe ndiye mwenye lugha. Hii kitu inaitwaje kwa Kiswahili? Na je, nimechelewa?"

Swali la kwanza ni langu, la pili ni la daktari. Hata hivyo, maswali haya yana historia moja.

Tuanzie nyumbani. Kiswahili kina utajiri mkubwa kuhusu mwanzo wa hedhi. Msichana huvunja ungo, akawa mwari, akapewa somo au kungwi wa kumfunda. Baadaye tunazo tafsida za kila mwezi: yumo mwezini, yuko katika siku zake. Na mwisho? Tunasema tu hedhi imekoma, au damu imekatika. Hayo ni maelezo, si jina. Hakuna kungwi anayekuja kumketisha mama wa miaka 50 na kumwambia kwamba atakosa usingizi, kwamba atalowa jasho usiku, na kwamba hajarogwa.

Kitenzi chenyewe kina ukali. Mtoto mtundu huambiwa "Ukome!" Nalo neno ukomo, ukilibadilisha irabu moja tu, linakuwa ukoma, ugonjwa uliowatenga watu na jamii zao.

Waarabu, waliotukopesha neno hedhi, wao husema sinn al-ya's, yaani umri wa kukata tamaa. Asili yake ni ya kisheria. Kurani, inapoeleza eda ya talaka, inawataja wanawake waliokata tamaa ya kupata hedhi tena na kuwawekea miezi mitatu. Kilichokatiwa tamaa pale ni hedhi, si maisha. Lakini jina lilipotoka katika fiqhi na kuingia mtaani, lilimbeba mwanamke mzima.

Ulaya jina lilitoka kwa daktari. Mwaka wa 1816 Mfaransa Charles de Gardanne alibuni neno ménespausie, na kufikia 1821 alikuwa amelifupisha kuwa ménopause, kutokana na maneno ya Kigiriki ya mwezi na kukoma. Hapo suala lililokuwa la akina mama na wakunga likapata jina la kitabibu. Mwaka wa 1905 Mwingereza Ernest Starling akaleta neno homoni, kutokana na kitenzi cha Kigiriki cha kuchochea. Mwaka wa 1929 wanasayansi wakafaulu kutenga homoni ya kwanza ya jamii ya estrojeni. Kufikia 1942 Marekani ilikuwa ikiuza vidonge vya Premarin, jina lililofinyangwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mkojo wa farasi jike mwenye mimba. Naam, dawa ilitoka huko.

Kisha likaja neno lililobadilisha mambo: upungufu. Mwaka wa 1966 daktari Robert Wilson wa New York alichapisha Feminine Forever, kitabu kilichodai kwamba kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu wa homoni, na tiba yake ni estrojeni. Baadaye ilifichuka kwamba watengenezaji wa dawa walikuwa wamemfadhili. Hebu fikiria uzito wa jina hilo. Ukisema "umri", watu husubiri. Ukisema "upungufu", watu hununua.

Mwaka wa 1975 ilibainika kwamba estrojeni ikitumiwa peke yake huongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba. Madaktari wakaongeza homoni ya pili ya kuukinga. Kisha, Julai 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wanawake 16,608 waliokuwa wakipimwa kwa homoni hizo mbili ulisitishwa kabla ya wakati wake. Kwa kila wanawake 10,000 waliotumia dawa kwa mwaka, kulikuwa na visa 8 zaidi vya saratani ya matiti, na visa 8 zaidi vya kiharusi. Visa vya kuvunjika nyonga vilipungua kwa 5. Magazeti yaliwasha king'ora, na mamilioni ya wanawake wakatupa vidonge.

Jambo moja halikusikika vizuri katika kelele hizo. Wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Wengi walikuwa wamekoma hedhi zamani. Data ilipochambuliwa upya kwa kuzingatia umri, picha ilibadilika: kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajatimiza miaka kumi tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huzidi hatari. Anayeanza baadaye ndiye anayepaswa kuhofia zaidi moyo, kiharusi na kuganda kwa damu.

Miaka 63. Mwalimu mwenzangu ana umri uleule.

Nilimweleza haya, nikamwomba asiyachukue kama cheti cha daktari. Kuchelewa kuanza vidonge si sawa na kukosa msaada. Zipo dawa za kupunguza joto hilo zisizo na homoni. Ipo pia estrojeni ya kiasi kidogo ya kupaka ukeni, kwa ukavu na maumivu, na hiyo haipimwi kwa mizani ileile ya vidonge. Presha yake ni lazima ijulikane kwanza.

Na jina? Wapo wanaoandika ukomo wa hedhi, wengine huunganisha wakapata ukomohedhi. Wajapani husema kōnenki, jina ambalo herufi yake ya kwanza hubeba maana ya kufanya upya. Mimi ningependa tukumbuke kwamba kando ya kukoma lugha yetu imeweka kukomaa. Hata hivyo sitalazimisha. Jina lolote litafaa kuliko malaria.

Mwenzangu alichukua kalamu yangu, akaandika "ukomohedhi" pembezoni mwa gazeti alilokuwa akijipepea nalo, akakichana kipande hicho na kukitia mkobani.

"Nitamwonyesha daktari," akasema. "Safari hii nitaanza mimi kulitaja."