Mchezo Usio na Mchezaji

Mchezo wa Uhai, ambao leo mwanafunzi wa programu huuandika Jumamosi moja na kuumaliza, haukuzaliwa ndani ya kompyuta. Ulizaliwa mezani, wakati wa chai, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. John Horton Conway, mwanahisabati mzaliwa wa Liverpool, alipanga kete na wenzake juu ya ubao wa mchezo wa Go, wakiongeza hizi na kuondoa zile. Walitafuta kanuni ambayo haitaziua kete zote mapema wala kuzitapakaza ubao mzima.

Swali lililomsukuma Conway alilirithi. Katika miaka ya 1940, mwanahisabati John von Neumann alitaka kujua kama mashine inaweza kujizalisha. Rafiki yake Stanislaw Ulam alimshauri aachane na vyuma, awaze uwanja wa miraba kama ukurasa wa daftari la hesabu, kila mraba ukibadilika kwa kutazama majirani zake. Von Neumann alifaulu, ila kila mraba wake ulihitaji hali 29. Conway alitaka mbili tu: hai au mfu.

Akafikia kanuni hizi. Kila mraba una majirani wanane. Ulio hai huendelea kuishi ukiwa na majirani hai wawili au watatu; wakipungua hufa kwa upweke, wakizidi hufa kwa msongamano. Mraba mfu wenye majirani hai watatu kamili huzaliwa upya. Basi. Mchezaji hupanga kete za mwanzo, kisha anabaki mtazamaji. Hakuna kushinda wala kushindwa.

Kete tano katika umbo waliloliita R-pentomino ziliwatoa jasho, kwani vizazi vilipita kwa mamia na bado zinachemka. Ilibidi kompyuta iingilie kati, ikaonekana zinatulia katika kizazi cha 1,103. Katika kuzifuatilia, mwenzao Richard Guy aligundua kijipande cha miraba mitano kinachotembea: kila baada ya vizazi vinne hurudia umbo lake, kikiwa kimesogea hatua moja kimshazari. Kikaitwa glaida.

Oktoba 1970 Martin Gardner akautangaza mchezo katika safu yake kwenye jarida la Scientific American. Conway alidhani hakuna mpangilio unaoweza kukua bila kikomo, akaahidi dola 50 kwa atakayethibitisha au kukanusha kabla ya mwaka kwisha. Fedha hazikukaa mfukoni. Novemba hiyohiyo Bill Gosper na wenzake wa MIT, Marekani, walipata “bunduki” inayofyatua glaida mpya kila baada ya vizazi 30, bila kukoma.

Kwangu mimi, ugunduzi huo ni mkubwa kuliko mchezo wenyewe. Glaida ikipita, isome kuwa moja, isipopita, sifuri. Kwa njia hiyo ilithibitishwa kwamba miraba hii inaweza kukokotoa chochote kinachokokotolewa na kompyuta.

Conway mwenyewe aliuchoka umaarufu wa mchezo huu, maana uliifunika kazi yake nyingine ya hisabati. Alifariki Aprili 2020 kwa UVIKO-19. Wapenzi wa mchezo hawakuchoka: mwaka 2010 Andrew Wade alitoa Gemini, umbo linalojenga nakala yake huku likijibomoa, na mwaka 2023 ikathibitishwa kuwa yapo maumbo yanayojirudia kwa kila idadi ya vizazi, ya mwisho kupatikana ilikuwa 41.

Ukitaka kuuandika, tumia majedwali mawili, moja la kizazi kilichopo na jingine la kijacho. Ukibadilisha mraba papo hapo, jirani yake atahesabiwa kwa vizazi viwili vilivyochanganyika, na glaida haitatembea. Chukua uwanja wa miraba 1,000 kwa 1,000, weka R-pentomino katikati, uiache iende. Ikibaki miraba hai 116 katika kizazi cha 1,103, programu yako iko sawa.